Kabla hujalipia ile hoteli kali ya Ahangama

Wale mnaopanga kwenda Sri Lanka kujifunza kusefu, yani kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, ngoja niwape yangu, maana mimi niliingia kichwa kichwa. Hoteli ya Ahangama, mji wa pwani ya kusini kule, nilichagua kwa picha tu: kuta nyeupe, sakafu ya simenti inang'aa, bafu halina paa na mgomba umeota humo humo ndani. Vyumba vinane. Wanaziita hoteli za butiki, usidhani wanauza nguo, ni hoteli ndogo zenye dizaini ya kipekee.

Waliandika bahari iko mbele yako. Ni kweli iko mbele, ila katikati inapita barabara ya Galle kwenda Matara, na nyuma huku kuna reli. Mabasi ya kule ni honi tangu alfajiri, na dirisha lenyewe halina kioo, ni mbao za kupitisha upepo, sasa utafunga nini? Fungua ramani kwanza, halafu omba chumba cha uani hata kama hakioni bahari.

Sisemi dizaini ni ujinga. Ule mtindo wa baraza pana, ua katikati na paa lililoshuka chini, aliyeupa umaarufu ni msanifu majengo wao Geoffrey Bawa, alifariki 2003, na ukikaa humo saa nane mchana jua linawaka wala hukumbuki AC. Ile simenti sasa, ukiikanyaga umetoka majini, ubaridi wake ni ule ule wa sakafu nyekundu kwa bibi Tanga, nikacheka peke yangu, yani nimepanda ndege kuja kulipia sakafu ya bibi! Ila ikilowa inateleza balaa, siku ya pili nilikula mweleka na ubao mkononi. Kwa hiyo uliza kama wana bomba la nje la kujisuuzia na pa kuweka ubao. Kwangu pembeni ya mlango waliweka mtungi mkubwa wa pambo, ubao nikawa nalala nao chumbani.

Chai nayo ni ishu. Mawimbi mazuri ni asubuhi kabla upepo haujachanganya, saa kumi na mbili na nusu ushaingia majini, wao chai mwisho saa nne. Waambie mapema wakuwekee, na usikubali mkate, dai hopa, za unga wa mchele na tui, ndugu kabisa na vibibi, na sambali ya nazi ya pilipili pembeni.

Halafu kosa langu kubwa: Ahangama na jirani yake Midigama sehemu nyingi chini ni miamba. Anayeanza anafaa Weligama, ghuba ya mchanga, mawimbi mapole, huko ndo nilikuwa naenda na bajaji kila siku. Nenda Novemba mpaka Aprili, yani kaskazi hii hii yetu, kusi ikishika bahari ya kule kusini inachafuka na wenye mbao zao wanahamia Arugam Bay, mashariki.

Nikirudi nalala gesti ya kawaida Weligama, Ahangama nitaenda jioni kunywa kahawa kwenye ile baraza, miguu peku.