Baba amebadilika tabia, shangazi alikufa kwa kudhoofika misuli: ni ugonjwa mmoja?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 58. Miaka mitatu sasa anagawa pesa za kiinua mgongo kwa watu asiowajua, anatukana wageni, alicheka msibani, na sukari anaila kwa kijiko. Kumbukumbu anayo. Daktari wa neva amesema ni demensia (ugonjwa wa kuharibika akili taratibu) ya sehemu ya mbele na pembeni mwa ubongo, ingawa CT scan ilitoka safi. Dada yake alikonda mikono, ulimi ukawa mzito, akashindwa kumeza hadi akafariki, akili ikiwa timamu. Kuna uhusiano? Mimi nina miaka 30, nipime jeni?

Jibu: Marahaba. Uhusiano unawezekana sana, na habari za shangazi ndizo ningezianzia.

CT safi haifuti ugonjwa huu. Mwanzoni kusinyaa kwa ubongo huwa kudogo, na MRI huonyesha vizuri zaidi. Daktari hutafuta dalili sita: kukosa staha, kutojali chochote, kupotewa na huruma, kurudiarudia vitendo, kubadilika ulaji (hasa kupenda vitamu), na kushindwa kupanga mambo huku kumbukumbu ikibaki. Zikitimia tatu, ugonjwa unashukiwa. Baba anazo angalau tatu. Hata hivyo, kama hajapimwa kaswende, VVU, vitamini B12 na homoni za tezi ya shingoni, apimwe: hayo huweza kufanana na demensia, na yanatibika.

Sasa shangazi. Dalili zake zinafanana na ALS, ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli. Mwaka 2006 iligundulika kwamba ALS na karibu nusu ya demensia za aina hii zina kasoro moja: protini TDP-43, ambayo kawaida hukaa ndani ya kiini cha seli, hutoka na kuganda mabonge nje yake. Wengi wa waliobaki wana mabonge ya protini nyingine, tau. Wachache wana mabonge ya protini ya tatu, FUS. Mabonge yakishambulia sehemu ya mbele ya ubongo, tabia huharibika. Yakishambulia neva za misuli, mwili hudhoofika. Katika ukoo mmoja huyu hupata hili, yule lile, mwingine yote mawili.

Jeni tatu hubeba sehemu kubwa ya visa vya kurithi: MAPT, inayoleta mabonge ya tau, na GRN na C9orf72, zinazoleta ya TDP-43. Ukoo wenye ALS hunifanya nishuku C9orf72 kwanza. Kasoro yake, iliyotangazwa 2011, ni herufi za DNA, GGGGCC, kujirudia ndani ya jeni: wenye afya kwa kawaida hawafikii marudio 30, wagonjwa wengi wana mamia au maelfu. Baadhi yao huanza kwa kuona vitu visivyokuwepo au kudai wanafanyiwa njama, wakazungushwa kwa waganga miaka.

Usianze kupima wewe, aanze baba. Ukipimwa peke yako majibu yakatoka safi, hayana maana kama haijulikani kasoro ya ukoo ni ipi. Fomu ya maabara itaje C9orf72 na kipimo cha marudio, kwa sababu usomaji wa kawaida wa jeni huyapita bila kuyaona na kukupa "safi" ya uongo. Akikutwa nayo, uwezekano wako wa kuirithi ni 50%. Hakuna dawa ya kuzuia, na kipimo hakisemi utaanza kuugua lini, kwa hiyo zungumza na mshauri wa jeni kabla ya kutoa damu.

Donepezili, dawa ya Alzheimer, haimsaidii na huweza kuchochea vurugu. Haloperidoli huweza kumkakamaza vibaya. Sertralini mara nyingine hupunguza papara na ulafi. Akianza kupaliwa, sauti kubadilika au misuli kuchezacheza, aombewe kipimo cha umeme wa misuli haraka: mtu anayejaza chakula mdomoni huku kumeza kunadhoofika hukabwa kirahisi. Mkatie vipande vidogo, mtu akae naye anapokula. Na namba ya siri ya pesa za simu ibadilishwe wiki hii, pamoja na kwenda benki kuuliza utaratibu wa mtu wa pili kutia saini.