Nyuki pori Tabora mwezi wa nane? Usikate tiketi

Mkuu mleta uzi, salamu baadaye. Umesema unakwenda Tabora na Sikonge mwezi wa nane kupiga picha za nyuki pori, ukauliza kama muda huo unafaa, ubebe lenzi gani, na kama unaweza kwenda na watoto. Mwezi wa nane HAPANA. Kama hujalipia nauli usilipie, na kama umelipia sogeza mbele hata kwa faini.

Na najua nani kakudanganya. "Kiangazi ndio msimu, bosi, barabara kavu, majani mafupi, unaona kila kitu." Mimi niliambiwa hayohayo na dalali mmoja wa safari, kofia ya pori kichwani, darubini shingoni, ungedhani kazaliwa kichakani. Kwa tembo hajakosea: kiangazi maji yanabaki sehemu chache, wanyama wanajileta wenyewe. Lakini tembo na nyuki wapi na wapi? Tembo anakula hata magome. Nyuki pasipo maua anafanya nini?

Nikaunguza likizo yangu yote ya mwaka. Nikakodi Land Cruiser kwa siku, maana dalali alisema pikipiki "haina hadhi", na mafuta juu yangu. Tukaingia kwenye misitu ya miombo nje ya Sikonge: miti inapukutisha majani, chini kumechomwa moto, majivu mpaka ndani ya soksi. Ua hata la dawa hakuna. Dalali akaona soni, akanipeleka kwenye mizinga ya magogo ya mzee mmoja. Akagonga wa kwanza kwa fimbo, ukalia kama debe tupu. Wa pili hivyohivyo. Akaniambia "wamelala". Wamelala! Saa saba mchana!

Waliokuwa macho ni ndorobo, yaani mbung'o. Gari lenyewe lilikuwa la bluu iliyokoza, na kumbe mitego ya ndorobo hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi kwa sababu wanazifuata rangi hizo. Yaani nimelipia mtego halafu nikakaa ndani yake. Picha nzuri kuliko zote nilizorudi nazo ni ya shingo yangu.

Nyuki tukawapata mwishoni, bila kuwatafuta. Tulisimama kula, nikaacha ndoo ya maji wazi. Kiangazi nyuki wa asali wanahangaikia maji, basi wakajaa kwenye ndoo, kwenye taulo, mpaka kwenye vioo vya gari. Nyuki juu ya ndoo nyekundu ya plastiki, mkuu, picha hiyo ningeipiga Manzese kwa nauli ya daladala. Na usicheze nao: mmoja akidunga anaacha harufu ya ndizi mbivu, wenzake wanaifuata hiyohiyo. Kuhusu watoto, jibu umelipata.

Mzee mwenye mizinga ndiye aliyenieleza, bure kabisa, kile ambacho mtu wa kulipwa hakukijua. Kundi likikosa chakula linahama, linaacha masega, linafuata maua kwingine. Tabora mvua ni msimu mmoja, kama Novemba hadi Aprili. Mti wa mtundu huchanua kabla ya mvua, kuanzia mwezi wa tisa kuelekea wa kumi na moja. Mti wa muba huchanua mvua zikielekea ukingoni, hapo mwezi wa tatu hadi wa tano. Ndiyo maana urinaji mkubwa kule huwa mwezi wa tano hadi wa saba. Akanicheka: "Mjukuu wangu, wanasema fuata nyuki ule asali. Mbona hukuuliza nyuki naye anafuata nini?"

Hapo ni nyuki wa asali tu. Wewe umesema unawataka wale wanaoishi mmojammoja, na kwa hao mwezi wa nane ndio balaa kabisa. Wengi wao huruka wiki chache, muda mwingine wote ni funza ndani ya udongo au kwenye bua kavu. Utawakanyaga na kamera yako ya mamilioni mkononi. Nenda wakati wa muba, simama kwenye mimea ya marejea yenye maua ya njano, utaona yale makubwa meusi yanayotoboa mbao, na wale wanaokata majani vipandevipande kwenda kujengea. Nyuki wadogo wasiouma watakutafuta wenyewe machoni, wanapenda jasho.

Lakini miezi hiyo usiikariri, mvua ikichelewa maua nayo yanachelewa. USIKATE TIKETI KABLA HUJAONGEA NA MTU ANAYERINA ASALI KULEKULE. Na asikutajie mwezi, akutajie mti. Muulize, "Muba umechanua?" Akisema "bado kidogo", kaa nyumbani. Akianza habari za barabara na tembo, kata simu, huyo ni dalali.

Na wewe mdau hapo juu unayesema Tanga mwezi wa nane nyuki wapo: Tanga ina vuli, ina masika, ina bahari. Usimpoteze mwenzio.

Kama huna mrinaji unayemfahamu, Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki. Anza kuuliza pale, tena leo, kabla yule wa kofia hajakupigia tena.