Biti 16 ni ya mwisho, siyo ya kuanzia

Kaka, aliyekwambia uchanganye muziki kwa biti 16 (biti ya data, kipimo cha undani wa sauti ya kidijitali, siyo biti ya mdundo) eti kwa kuwa sidii ni 16, kakupoteza. Rekodi kwa 24, changanya ndani ya 32 floti (32-bit float, mpangilio wa ndani ya programu ya kuchanganyia), halafu 16 uishushie siku ya kutoa masta (nakala ya mwisho) ya sidii tu. Kila biti inakupa kama desibeli 6 za nafasi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa: 16 inakupa takriban 96, 24 takriban 144. Hiyo nafasi ndiyo inakuruhusu kurekodi kwaya kwa sauti ya chini, kilele kwenye desibeli -12 hivi (0 ndiyo kikomo), wakipandisha sauti isipasuke.

Mimi niliwahi kurekodi zeze la Kigogo huku Chamwino kwa 16, tena chini mno. Mlio ulipokuwa unafifia nikaunyanyua kwa kompresa (inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo), ukatoka na mchakacho kama mchanga. Sijarudia.

Ukishusha kwenda 16 weka ditha (kelele ndogo sana inayoficha kasoro za kupunguza biti), mara moja, baada ya limita (inayozuia sauti isivuke kikomo). Za mtandaoni peleka 24 kama msambazaji wako anaipokea. Ila feni ikinguruma chumbani, 24 itaidaka vilevile, kaizime kwanza.