Swali la lugha: Je, tuandike "nchi ya Wahindi"?

Msomaji anayetafsiri habari za mahakama anauliza kama ardhi ambayo sheria ya Marekani inaihesabu kuwa ya wenyeji wa asili inaweza kuitwa "nchi ya Wahindi", kama tafsiri ya neno la Kiingereza "Indian country".

Namshauri asiandike hivyo. Kwetu Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi, na nchi ni dola. Kuwaita wenyeji hao Waindio kunaondoa utata wa kwanza. Wa pili ni mgumu zaidi, na hautatuliki bila kuangalia namna majaji wanavyoamua.

Sheria ya mwaka 1948 inayofafanua ardhi hiyo inataja ardhi yote iliyo ndani ya mipaka ya maeneo yaliyotengewa Waindio, jumuiya zao zinazotegemea serikali kuu, na viwanja vya mgawo, yaani vilivyogawiwa Waindio mmoja mmoja, ambavyo haki ya Waindio haijakoma. Mipaka ikishawekwa, kuuzwa kwa viwanja hakuifuti. Bunge la Marekani pekee ndilo linaloweza kuifuta, na majaji hulitafuta tamko lake la kuifuta katika maneno ya sheria zenyewe. Ndiyo maana mwaka 2020, katika kesi ya McGirt dhidi ya Oklahoma, Mahakama ya Juu iliamua kwamba eneo lililotengewa Waindio wa taifa la Muscogee lilikuwa bado lipo, ingawa ndani yake kuna sehemu kubwa ya jiji la Tulsa na nyumba za watu wengi wasio Waindio. Kinyume chake, kabila la Venetie huko Alaska lilimiliki takriban ekari milioni 1.8, lakini mwaka 1998 mahakama hiyo hiyo ilikataa dai lake kwamba ardhi hiyo ni "Indian country", kwa kuwa ardhi hiyo haikuwa imetengwa na serikali kuu kwa matumizi ya Waindio wala haikuwa chini ya usimamizi wake.

Basi "ardhi ya Waindio" nayo haifai, kwa sababu inamfanya msomaji afikirie umiliki, ilhali suala ni mamlaka. "Eneo la Waindio" pekee litachanganywa na jina la kale la sehemu iliyoingizwa katika jimbo la Oklahoma mwaka 1907. Mimi ningechagua "eneo la kisheria la Waindio", na ningeepuka kabisa "hifadhi", neno ambalo kwetu limezoeleka kwa wanyamapori na misitu, na si la staha kwa makazi ya watu. Sentensi yake iwe hivi: "Mahakama ya jimbo haikuwa na mamlaka ya kumhukumu, kwa kuwa mshtakiwa ni Mwindio na kosa lilitendwa ndani ya eneo la kisheria la Waindio."