Maswali ya Wasomaji: Paa la Hundertwasser

SWALI: Ndugu Mhariri, huyu Hundertwasser wa Austria alikuwa msanifu majengo au mchoraji? Na je, naweza kuotesha bustani juu ya slabu ya nyumba yangu, kama zile za juu ya mapaa yake? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mchoraji. Friedensreich Hundertwasser (1928–2000) alikaa Chuo cha Sanaa cha Vienna miezi mitatu tu mwaka 1948, na usanifu hakuusomea. Hundertwasserhaus, nyumba ya kupangisha ya manispaa ya Vienna iliyojengwa kati ya 1983 na 1985, ni kazi yake pamoja na msanifu Joseph Krawina, ambaye wengi humsahau bila haki. Mbali na hayo alibuni stempu (za Senegal mwaka 1979, za Umoja wa Mataifa mwaka 1983), mabango, bendera, na choo cha umma cha Kawakawa, New Zealand, chenye ukuta wa chupa. Katika kazi zake nyingi utaona mizunguko kama ya konokono. Mstari ulionyooka aliuchukia waziwazi.

Sasa slabu yako. Tatizo la kwanza ni uzito. Udongo ulioshiba maji hufikia kama kilo 1,800 kwa mita ya ujazo, hivyo kina cha sentimita 30 ni kilo 540 kwa kila mita ya mraba. Slabu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya mzigo wa kilo 150 hadi 200 hivi. Mwone mhandisi kabla ya kununua hata gunia moja la mbolea. Nyasi zinaridhika na sentimita 10 za udongo mwepesi. Mti unataka kina kikubwa zaidi, na ukae juu ya nguzo, si katikati ya slabu.

Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita. Tandaza utando wa kuzuia maji, uupandishe ukutani sentimita 15 juu ya usawa wa udongo utakaouweka. Kisha ziba matundu ya maji, jaza maji sentimita 5, uyaache saa 48 uone kama panavuja. Mafundi wengi huruka hatua hii, na uvujaji huanzia hasa pembeni mwa matundu hayo. Pakikauka, weka kizuizi cha mizizi, kokoto sentimita 5 (nazo zina uzito, zihesabu), kitambaa cha kuchujia, ndipo udongo. Bila kitambaa, udongo huziba kokoto, maji husimama na mizizi huoza.

Mkuyu na jamii zake usiipande kabisa: mizizi yake hupenya kwenye ufa mdogo tu na kuupanua.