Mdogo wangu wa Sinza, kuhusu ile filamu niliyoikataa

Mdogo wangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema habari imeshafika kijiweni Sinza Makaburini kwamba niliitwa kwenye filamu ya Wazungu nikaikataa, na wenzetu wa kikundi wanasema London imenipa maringo. Halafu unauliza, ukiuza kile kiwanja cha Chanika ukaja huku, mwigizaji anaishi?

Nianze na filamu. Nafasi yenyewe ilikuwa ya mpiganaji wa msituni, hana jina, kwenye skripti kaandikwa kwa namba. Nchi haitajwi. Ni Afrika tu, ile Afrika yao isiyo na mji mkuu. Anaingia kijijini, anaua mtoto, anacheka, naye anauawa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza: jamaa anaufokea umati mzima "Wewe piga magoti yako!" Nikawarekebishia bure, dairekta akafurahi. Ndipo nikamuuliza, huyu bwana anacheka nini?

Sikuuliza kwa ubishi. Unamkumbuka mwalimu wetu wa mazoezi kule Kinondoni, hakuruhusu mtu hata kubisha hodi jukwaani kabla hajasema anatoka wapi na kamfuata nani. Mimi kucheza mtu mbaya siogopi. Nimecheza mchawi mpaka mama mmoja kwenye daladala la Manzese akahama kiti. Muuaji mwenye sababu zake ningempokea kwa mikono miwili. Dairekta akanijibu, "Anacheka tu, inatisha zaidi." Nikaomba nilale nalo, asubuhi nikakataa.

Sasa sikiliza wasilolijua kijiweni. Niliweza kukataa kwa sababu usiku ule nilikuwa na shifti. Nabeba boksi kama wengine, na langu ni nyumba ya wazee: kuwaogesha, kuwageuza kitandani, kuwabadilisha, kuwalisha, kisha kuandika kila kitu kwenye faili. Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara huku kiliwekwa paundi 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na kuendelea, na kazi hii hailipi mbali sana na hapo. Usiibadilishe kwa shilingi ukafurahi, maana mwenye nyumba wangu anadai kwa paundi. Kwa hiyo hayo maringo yangu yanagharamiwa na bibi kizee anayeniita kwa jina la mwanawe saa tisa usiku. Wiki ambayo shifti zimekatwa, siwezi kukuapia kwamba jibu langu lingekuwa lile lile.

Watu hupenda kunitajia Sidney Poitier, yule mwigizaji wa Hollywood. Ni kweli, alikulia Bahamas, akaosha vyombo New York, na kabla hajawa mtu mkubwa alikataa nafasi ya baba ambaye binti yake anauawa naye haonyeshi kupigania chochote. Alisema baba yake mzazi asingekuwa vile. Wakati huo mkewe alikuwa karibu kujifungua na fedha hamna, ikabidi akope. Mwaka 1964 akawa mwanamume wa kwanza mweusi kupata Oscar ya mwigizaji bora. Hadithi tamu, lakini utamu wake ni kwamba tunajua ilivyoisha. Wangapi walikataa kama yeye, wakakopa kama yeye, na leo hakuna anayewataja? Nikiwa na mshahara wa usiku sihitaji kuwa Poitier.

Kuhusu umaarufu, usahau. Ulikuwepo Aprili 2012 tulipomuaga Kanumba Leaders Club, uliona Dar inavyompenda mwigizaji wake. Mimi, mdogo tu, konda alishawahi kunirudishia nauli. Huku jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hajui nafanya nini, na jukwaa langu mara nyingi ni chumba cha juu ya baa. Kumbi za namna hiyo zipo nyingi London: mnacheza, mnagawana makusanyo ya mlangoni, unabaki na nauli. Lakini nimecheza humo baba aliyemfukuza binti yake, tukamchambua wiki kadhaa, kila sini. Nilikuwa na njaa ya kazi ya namna ile.

Na nisiwe mchoyo wa sifa. Kuna chama cha waigizaji, Equity, kipo tangu 1930, na kazi inayofuata makubaliano yake ina saa za kuanza, saa za kupumzika na malipo ya kuzidisha muda. Linganisha na sisi: unakuja na nguo zako, mnapiga mpaka alfajiri kwenye nyumba ya kuazima Mbezi Beach, malipo ni "tutaongea", na filamu ikimalizika anauziwa msambazaji wa Kariakoo moja kwa moja. Ikirudiwa kuuzwa miaka kumi, wewe humo. Hilo ndilo ningelibeba nikaja nalo Dar, kuliko lafudhi.

Sasa kiwanja. Usikiuze. Hata boksi langu hulipati: tangu Julai 2025 Uingereza imefunga viza ya kazi za kulea wazee kwa waombaji wapya wa kutoka nje. Atakayekuambia anayo njia anataka hicho kiwanja. Kama unachotafuta ni kujifunza, chuo cha sanaa, TaSUBa, kipo hapo Bagamoyo, asubuhi unapanda basi Makumbusho unafika mapema.

Nitumie sini moja, dakika mbili. Simu iegemeze kwa ulalo, kaa uso ukielekea dirishani, zima feni maana inaingia kwenye sauti. Usinichezee mtu wa kulia, wote wananitumia vilio. Cheza mtu anayedai deni. Nikimaliza shifti ya Ijumaa nitaitazama, nitakwambia bila kukupaka mafuta.