Baba Haumwi Popote, kwa Nini Apimwe Macho na Mkojo?

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana umri wa miaka 61 na ameishi na kisukari kwa miaka saba. Juzi alirudi kutoka msikitini na kandambili moja tu. Nyingine ilimchomoka njiani bila yeye kuhisi. Kliniki walimwambia apimwe macho na mkojo, naye anakataa akisema haumwi popote. Sukari ina uhusiano gani na viungo hivyo? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Kandambili kuchomoka asihisi ni dalili nzito, na ningependa baba aonwe wiki hii badala ya kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake.

Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya damu, mikubwa kwa midogo, na kwa kuwa damu hufika kila mahali mwilini, madhara yake hayaishii kwenye kiungo kimoja. Mishipa ya fahamu nayo hudhoofika, kwa kawaida ikianza ile mirefu zaidi iendayo nyayoni, ndiyo maana ganzi au kuchomachoma huanzia vidoleni na kupanda. Mguu uliokufa ganzi unaweza kukanyaga msumari au kuungua na mwenyewe asijue. Kidonda kisichopata damu ya kutosha huchelewa kupona, huingiwa na vijidudu, na wapo waliokatwa mguu kwa sababu ya lengelenge lililoletwa na kiatu kinachobana. Kwa hiyo mkagueni nyayo na katikati ya vidole kila siku, penye mwanga wa kutosha. Asitembee peku hata ndani ya nyumba, apapase ndani ya viatu kabla ya kuvaa, na asikate sugu kwa wembe. Kidonda chochote, hata kisichouma, kipelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Ama kauli yake kwamba haumwi, hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho inaweza kuvuja huku mtu akiendelea kusoma vizuri, na tiba ya leza hulinda uoni uliobaki zaidi kuliko inavyorudisha uliopotea. Figo nazo huanza kupitisha protini kwenye mkojo muda mrefu kabla miguu haijavimba, na katika hatua hiyo kudhibiti sukari na presha, pamoja na dawa ambazo daktari anaweza kumwongezea, hupunguza kasi ya uharibifu. Vipimo vyote viwili hufanywa angalau mara moja kwa mwaka.

Hata shambulio la moyo, kwa mwenye kisukari, linaweza kuja bila maumivu makali ya kifua, bali kwa jasho jingi, kichefuchefu au kuishiwa pumzi ghafla. Akipatwa na hali hiyo, mkimbizeni hospitali.

Siku ya kliniki fuatana naye, umweleze muuguzi habari ya kandambili, na baba avue viatu na soksi hata kama hajaombwa.